Kompyuta Kubwa Kuliko Zote Ngara

Profoma ilinifikia kwa simu saa tatu usiku, umeme ukiwa umekatika. Niliisoma gizani, ndani ya studio yangu ndogo hapa Ngara mjini: prosesa ya Ryzen 9 9950X, mazabodi yenye soketi ya AM5, RAM ya DDR5 ya giga 64, na kipoozeo cha maji. Jumla yake ingenunua pikipiki mpya na chenji ikabaki. Chini kabisa muuzaji wa Kariakoo alikuwa ameandika: "Bei ni ya wiki hii tu, mkuu." Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe wa binamu yangu aliyeko Dar, ambaye ndiye aliyeniombea hiyo profoma: "Lipia kaka. Acha kufikiri kama mtu wa kijijini."

Sijalipia, na sitalipia. Ningeweza kunyamaza nikaendelea na kazi zangu, lakini maneno yale ya mwisho yamenikaa kooni. Nimeyasikia kwa sura nyingi kutoka kwa vijana wenzangu wa kazi hii, wenye diploma na digrii zao, wanaojua kila prosesa iliyotoka na ina kore ngapi, lakini ukiwauliza video za harusi ya mwaka juzi ziko wapi wanajikuna kichwa. Nataka kubishana nao. Nataka pia kubishana na mimi mwenyewe wa mwaka 2020.

Kazi yangu ni video. Harusi, sendofu, mahafali, misiba, mara mojamoja tangazo la duka. Wateja wangu wako Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za kusini mwa Kagera. Kompyuta ninayotumia ina prosesa ya Ryzen 9 3900X, ya kore 12, iliyotoka Julai 2019. Inakaa kwenye soketi ya AM4. Prosesa mpya niliyoandikiwa ina kore 16 na haikai hapo. Ukiitaka, lazima ubadilishe mazabodi. Ukibadilisha mazabodi, RAM yako ya DDR4 haiingii, lazima ununue DDR5. Na prosesa yenyewe ina joto kiasi kwamba kipoozeo chako cha zamani unaanza kukitilia shaka. Watengenezaji huuita mkusanyiko huo jukwaa. Unadhani umekwenda kununua kitasa, kumbe unauziwa mlango, fremu na nusu ya ukuta.

Binamu yangu si mjinga. Ana hoja tatu, na nitazijibu moja moja kwa sababu ndizo hoja za wengi.

Hoja ya kwanza: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta za zamani zimekufa. Kuacha kuihudumia ni kweli. Lakini Windows 11 inazikubali prosesa za Ryzen za kizazi changu. Zilizoachwa nje ni za nyuma zaidi. Kompyuta yangu ilipanda kwenda Windows 11 bila kudai hata senti. Nimekutana na watu walioambiwa dukani kwamba baada ya Oktoba mashine zao hazitawaka kabisa, wakanunua mpya kwa hofu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba kikitembezwa pamoja na tarehe ya mwisho, shika mfuko wako kwanza.

Hoja ya pili: AM5 ndiyo kesho. AMD wamesema wataiendeleza soketi hiyo hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo ukinunua leo umejiwekea msingi. Hapa naomba tukumbushane habari ya Threadripper, prosesa za AMD za tabaka la juu kabisa kwa watu wa studio kubwa. Novemba 2019 walitoa jukwaa jipya la prosesa hizo, linaloitwa TRX40. Watu walilipa fedha nyingi kwa mazabodi zake, wengi wakiamini kwamba vizazi vingine vitafuata kwenye soketi ileile. Havikufuata. Kilikuja kizazi kimoja tu, kikaishia hapo. Mwaka 2023 Threadripper mpya zilipowarudia wanunuzi wa kawaida zilikuja na soketi nyingine, na aliyekuwa na TRX40 alibaki na mazabodi isiyo na mrithi. Hao walikuwa wateja waliolipa kuliko wote.

Sasa tazama soketi yangu mimi, hii inayoitwa ya zamani. AM4 ilianza na Ryzen za kwanza mwaka 2017 kwa watu wa kawaida, na bado mwaka 2024 AMD walikuwa wanaitolea prosesa mpya. Mazabodi yangu, nikiiwekea BIOS mpya, inapokea Ryzen 9 5950X yenye kore 16. Ni kore zilezile 16 ninazoambiwa nihame nyumba kuzifuata. Si kwamba zina kasi sawa. Mpya ina kasi zaidi, na si haki kudanganya. Ila nyumba yangu bado ina chumba kitupu, na anayenishauri nijenge nyingine hajawahi kufungua mlango wake. Kuna methali ya Pwani isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wangu haujatoboka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: muda ni fedha. Mashine ya haraka inamaliza kazi mapema, unachukua kazi nyingi, unarudisha fedha yako. Kwa hoja hii nilinunua daftari. Nikachukua harusi moja ya Biharamulo, ya kawaida kabisa, nikaandika kila saa niliyoitumia tangu natoka mlangoni hadi mteja anapokea flashi yake.

Safari ya kwenda na kurudi, kupitia Benako, Nyakahura na Lusahunga, pamoja na kusubiri gari: saa 7. Kupiga video, tangu bibi harusi anapambwa hadi emsii anaaga: saa 11. Kunakili memori kadi: saa 2. Kutazama kila kilichopigwa na kuchagua: saa 9. Kuediti: saa 8. Kurenda: saa 2. Marekebisho, maana shangazi mmoja hakuonekana akitoa zawadi: saa 4. Kukaa bila umeme nikisubiri urudi: saa 5.

Jumla ni saa 48. Kurenda, kazi ambayo prosesa mpya ingeifanya kwa fujo zake zote, ni saa 2.

Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, mmoja wa wasanifu wa kompyuta za IBM, alitoa hoja ambayo mpaka leo inafundishwa vyuoni kwa jina lake. Kwa lugha ya nyumbani ni hii: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi ukubwa wa sehemu hiyo. Hata kama mashine ya binamu ingerenda harusi ile kwa muda wa kufumba na kufumbua, ningebaki na saa 46. Na zile saa mbili zenyewe huwa nimelala. Naiwasha kompyuta ianze kurenda, nakwenda nyumbani, asubuhi nakuta imemaliza, umeme ukijaalia.

Mtu anayeijua kazi atasema kwamba prosesa haisaidii kurenda tu. Video za 4K za kamera za siku hizi zinakwama ukiziediti, unabonyeza na kusubiri. Ni kweli, na zamani ilinitesa. Dawa yake ni kutengeneza nakala nyepesi za video, kuediti kwa hizo, kisha programu yenyewe inarudisha zile nzito wakati wa kurenda. Programu za kuediti zinazotumiwa na wengi wetu zinafanya hivyo. Haina bei. Inataka subira ya usiku mmoja tu, na hakuna anayeweza kuipiga picha akaiweka kwenye stetasi.

Nimefika mahali ambapo hesabu peke yake haitoshi, kwa hiyo niseme la aibu.

Mwaka 2020 nilikuwa nimekusanya fedha za kompyuta yangu ya kwanza mpya. Kabla yake nilikuwa na mtumba. Orodha yangu ya awali ilikuwa na Ryzen 5 3600, UPS, na diski mbili za nje, moja ya kazi na moja ya nakala. Nikaanza kutazama video za vipimo vya kasi. Kila usiku vijana wa Ulaya na Marekani walinionyesha michoro ambayo mstari wa 3900X ni mrefu na wa 3600 ni mfupi, nami nikaanza kuuonea haya ule mfupi. Tofauti ya bei ya prosesa hizo mbili zilipozinduliwa ilikuwa dola 300. Nilizipata hizo dola 300. Nilifuta UPS, nikafuta diski ya pili. Kisha nikabandika tangazo nje ya studio: KOMPYUTA KUBWA KULIKO ZOTE NGARA.

Mwaka uliofuata nilipiga sendofu moja Biharamulo. Baada ya zawadi, bibi yake binti alisimama. Alishika maiki kwa mikono miwili akazungumza kwa Kisubi, taratibu, dakika kama kumi na moja. Mimi ni Mhangaza, niliambulia neno hapa na pale, lakini niliwaona watu wazima wakiinamisha vichwa. Alikuwa akiwataja watu wa ukoo mmoja mmoja, waliokufa na walio hai, na kumkabidhi binti kwao. Wakati wa kuediti nilimpa sekunde arobaini, tena nikamwekea muziki chini, kwa sababu vijana wa siku hizi wanapenda video isonge. Familia ilifurahi. Zile dakika kumi na moja zilibaki kwenye diski yangu moja.

Jioni moja umeme ulikatika nikiwa kazini, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kompyuta iliwaka baadaye bila tatizo lolote. Diski ya nje ikaanza kulia tik, tik, tik. Niliipeleka kwa fundi Mwanza, akaifungua, akanirudishia ndani ya mfuko wa plastiki.

Bibi alifariki mwaka 2023. Yule binti, sasa ana mtoto, alinipigia simu. Alitaka yale maneno yote, bila muziki, wayasikilize kwenye arobaini. Nilimweleza. Alikaa kimya, kisha akauliza, kwa upole kabisa, wala si kwa kunikejeli: "Lakini kaka, si uliandika kwamba una kompyuta kubwa kuliko zote Ngara?"

Nilikwenda kulibandua tangazo siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia nafikiri kama mtu wa kijijini, namwambia kwamba nilipofikiri kama mtu wa mjini wa kwenye video ndipo nilipompoteza bibi wa watu. Lugha kama Kisubi na Kihangaza hazina magazeti, hazina riwaya madukani, hazina maktaba ya filamu. Kumbukumbu zake nyingi za sauti ziko kwenye simu za watu na kwenye diski za wapiga video wa harusi kama mimi, ambao hakuna aliyetuambia kuwa tumekuwa watunza nyaraka. Na sisi watunza nyaraka tunagombana juu ya kore.

Binamu alikuwa na jibu. "Kaka, wilaya yenu ina nikeli ya Kabanga, ina bwawa la Rusumo, halafu wewe bado unahubiri kuridhika. Huo ndio umaskini wenyewe." Hili silipuuzi, maana kuna watu wanaotaka kijana wa Ngara aridhike na chochote, na ushauri wa kuridhika mara nyingi hutolewa na aliyekwisha kushiba. Mtu wa hapa anayetengeneza katuni za 3D, au anayechakata ramani za setilaiti, au ambaye daftari lake linaonyesha saa 30 za kusubiri mashine, anunue. Anunue kubwa kuliko hii niliyoandikiwa, na asimwombe mtu radhi. Simwambii mtu kwamba kitu kizuri si cha watu wetu. Ninachokataa ni kununua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Ugonjwa wangu mimi ni zile saa 5 za giza. Na kwa kuwa Rusumo imetajwa, tuizungumze. Mtambo ule uko kwenye mto Kagera, mpakani mwetu na Rwanda, una megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania, na njia ya umeme inatoka pale hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Kwa miaka mingi wilaya zetu hizi mbili ziliishi kwa jenereta za dizeli, nje kabisa ya gridi ya taifa. Tumetoka mbali, na anayesema hakuna kilichobadilika hakuwepo. Lakini megawati za mtoni si umeme uliotulia kwenye soketi ya ukuta wangu. Kati ya hizo mbili kuna nguzo, nyaya, transfoma na radi za msimu wa mvua.

Sasa weka hesabu. Prosesa ya 9950X ikikazwa inaweza kuvuta hadi wati 230 peke yake. Yangu inaishia kama 142. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, na ukitaka idumu unatumia nusu yake, 1,200. Kompyuta yangu nzima ikila wati 250, ukiacha kinachopotea kwenye inverta, napata karibu saa tano. Ndizo zilezile tano za kwenye daftari. Mashine mpya ikila wati 400 kwenye kazi nzito, napata tatu. Ina maana ningelipa mamilioni ili nikae gizani mapema zaidi. Vipimo vile vya kasi hufanywa mahali ambapo hakuna anayeuliza umeme utarudi saa ngapi. Ni vya kweli, ila ni vya huko.

Na kuna jambo la mwisho, kuhusu ile "bei ya wiki hii tu." Muuzaji hakudanganya. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya duniani kote, kwa sababu viwanda vichache vinavyotengeneza chipu hizo vinaona faida zaidi kuviuzia vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron, mmoja wa watengenezaji wakubwa, walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida. Kwa maneno mengine, wenye viwanda wameshatuambia tusimame nyuma ya foleni. Na sisi, badala ya kuondoka kwenye foleni hiyo na kutumia RAM tuliyo nayo, tunaambiana tuwahi kabla haijapanda zaidi. Kama kuna wakati mbaya wa kuhamia jukwaa linalokulazimisha kununua RAM mpya yote, ni huu.

Asubuhi iliyofuata nilimwandikia muuzaji nikamshukuru. Kisha nikatumia chini ya nusu ya fedha ile: inverta, betri moja, na diski tatu za nje. Moja iko studio. Ya pili iko nyumbani kwangu. Ya tatu inakaa kwa dada yangu Biharamulo, kabatini chini ya vitenge, zaidi ya kilometa mia moja kutoka hapa. Kila nikienda kupiga harusi huko naibeba, najaza mapya, nairudisha. Fedha iliyobaki iko palepale. Ikifika siku daftari likaniambia tofauti, nitaanza na ile 5950X, kwa mazabodi ileile, na nitabadilisha BIOS inverta ikiwa imewaka, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa moja kwa moja.

Binamu nilimtumia picha ya zile diski tatu zikiwa mezani. Akajibu: "Haya, mzee wa kijiji."

Wiki iliyopita nilipiga harusi Rulenge. Babu mmoja alisimama akazungumza kwa Kihangaza dakika ishirini na mbili, emsii akimwangalia saa zote kwa jicho la kumkatisha. Nilimfanyia emsii ishara amwache. Usiku ule nilinakili hotuba nzima, bila muziki, kwenye diski ya studio na ile ya nyumbani. Nakala ya Biharamulo inasubiri safari. Kisha nikaiacha kompyuta irende video ya familia na kwenda kulala. Asubuhi mlinzi aliniambia inverta ilipiga kelele mara mbili usiku. Nilipofungua nilikuta asilimia 100, feni bado inazunguka taratibu.